Karavani, Msafara na Tela: Historia ya Maneno ya Kukokota

Mtafsiri mmoja ametuletea kurasa chache za kitabu cha maelezo ya gari, akiomba visawe vya maneno ambayo hakuyaona katika kamusi yoyote aliyonayo. Kurasa hizo zinamweleza mwenye gari namna ya kulitayarisha gari lake ili likokote karavani kwa mara ya kwanza. Karavani inayokusudiwa hapo si msafara wa ngamia wala wa wapagazi, bali ni kile chumba chenye magurudumu, chenye vitanda na jiko, ambacho watu wa Ulaya na Marekani hukivuta nyuma ya magari yao wanapokwenda likizo. Tungeweza kumjibu kwa orodha ya maneno na kazi ikaisha. Lakini tumeona afadhali tuieleze kwanza historia ya kitu chenyewe, kwani kwa maoni yetu istilahi iliyotengwa na historia ya kitu chake yaweza kuwa sahihi kwa sarufi na huku ikawa ya hatari barabarani.

Asili ya neno hili ni Uajemi. Waajemi waliita karwan kundi la wasafiri na wanyama wao wanaokwenda pamoja kwa ajili ya usalama, na nyumba ya kupumzikia kundi hilo wakaiita karwansara. Neno likaingia Ulaya, na Waingereza wakaanza kulitumia katika karne ya 16 kwa maana ile ile ya msafara. Katika karne iliyofuata likaanza kuhama: likawa jina la gari lenye paa, la kuchukulia abiria au mizigo. Baadaye likapunguzwa kichwa, likabaki 'van', nalo hilo ndilo neno litumiwalo na Waingereza hadi leo kwa gari la mizigo lililofunikwa. Hivyo neno lililoanza kwa kutaja watu wengi waendao pamoja likaishia kutaja sanduku moja lenye magurudumu. Mabadiliko ya namna hii si ajabu katika lugha, lakini mtafsiri asiyeyajua atajikuta amempeleka msomaji wake Ujiji badala ya kumpeleka ufukoni.

Sisi kwa upande wetu tulikuwa na kitu hicho pamoja na neno lake kabla hata sanduku hilo halijawekewa vitanda. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilikuwa na istilahi zake kamili: mpagazi, mnyampara, kirangozi, mtumba. Waingereza wenyewe waliposafiri katika njia hizo walijifunza neno safari na kulipeleka kwao, ambako lingali linatumika. Kule Bagamoyo lipo hadi leo jengo linalojulikana kwa jina la Caravan Serai, yaani neno la Kiajemi lililoturudia kwa mdomo wa Wazungu. Yafaa pia tukumbuke kwamba watu wa misafara hiyo walijali sana uzito na mizani. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kabla ya kuondoka, na kwa kawaida ulikuwa yapata frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Aliyebeba kwa mzegazega, mzigo huku na mzigo huku katika ncha za mti mmoja begani, alijua bila kufundishwa na mtu kwamba shida haiko katika uzito peke yake, bali iko pia katika mahali uzito ulipowekwa. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo kiini cha maneno yote tuliyoulizwa.

Tugeukie sasa nyumba yenye magurudumu. Huko Uingereza watu wa maonyesho na Waromani walikwisha kuishi katika magari ya farasi kabla ya watu wenye nafasi kufikiri kuyatumia kwa starehe. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa starehe hiyo ni William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini na mwandishi wa vitabu vya vijana. Mwaka 1885 aliundiwa gari la namna hiyo na kiwanda cha mabehewa cha Bristol, akalipa jina la Wanderer, akasafiri nalo kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hadi Inverness huko Uskochi. Gari hilo lilikaribia tani 2, likikokotwa na farasi wawili. Alikuwa na mtumishi aliyetangulia mbele kwa baisikeli ya magurudumu matatu, akiangalia njia na kuwatahadharisha watu kwamba kitu kikubwa kinakuja. Sisi tungemwita mtu huyo kirangozi bila kusita.

Mwaka 1907 wapenzi wa safari hizo waliunda chama chao huko Uingereza, na karibu magari yao yote yalikuwa ya farasi. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1919, kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kuunda kwa ajili ya kuuza karavani za kukokotwa na motokaa. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na mabadiliko yenyewe hayakuwa katika nguvu ya kuvuta tu. Gari la Stables lilikuwa na magurudumu manne. Gari la magurudumu manne hujisimamia lenyewe. Farasi huvuta, hawabebi. Karavani ya motokaa kwa kawaida ikaundwa juu ya mhimili mmoja, gurudumu moja kila upande, ili iwe nyepesi na ifuate vizuri katika kona. Chombo chenye mhimili mmoja hakiwezi kujisimamia. Lazima kiegemee mbele au kianguke nyuma. Tangu siku hiyo gari linalokokota likawa na kazi mbili: kuvuta, na kubeba begani sehemu ya mzigo wa kile kinachovutwa. Vitabu vya maelezo vina maneno mengi kwa sababu ya kazi hiyo ya pili, na makosa mengi ya madereva wapya hutokana na kutoijua.

Kwa mkulima anayetumia maksai jambo hili si geni hata kidogo. Mkokoteni wa ng'ombe wa magurudumu mawili una mti mrefu unaotoka mbele hadi kwenye nira. Magunia yakipangwa mbele mno, mti huzilemea shingo za wanyama, nao huchoka na kupata vidonda. Yakipangwa nyuma mno, mti huinuka, na kamba ya nira huwakaba koo. Mkulima hupanga na kupangua mpaka mti ukae juu ya shingo kwa uzito wa kiasi. Uzito huo mdogo unaobaki shingoni ndio ambao vitabu vya magari huuzungumzia kwa kurasa nyingi, na kila taifa limeupa jina kwa kufuata mti wa mbele linavyouona. Waingereza huuona kama pua, nao husema uzito wa pua. Wamarekani huuona kama ulimi. Wafaransa huuita mshale. Wajerumani wameacha viungo vya mwili wakataja kazi yenyewe, wakisema mzigo wa tegemeo.

Mtafsiri wetu, akiwa ametoka katika Kiingereza cha Uingereza, alikuwa amekwisha kuandika 'uzito wa pua'. Hatukulipenda neno hilo. Pua haibebi kitu. Msomaji atadhani ni uzito wa sehemu ya mbele ya gari, au atacheka. Tunapendekeza uzito wa shingo, kwa sababu mahali pa kuungia ndipo palipo shingo ya jozi hii, na kwa sababu mkulima na fundi wa mikokoteni wote watalielewa mara moja. Mti wenyewe wa mbele tungeuita shingo ya tela, bila kuongeza chochote.

Neno uzito nalo, likiachwa peke yake, ni mtego. Katika kurasa nne tulizoletewa tulihesabu vitu vinne tofauti vilivyoandikwa 'uzito' tu katika rasimu ya tafsiri. Kuna uzito mtupu wa gari linalokokota. Kuna kikomo cha uzito wa karavani ikiwa imepakiwa. Kuna uzito wa shingo. Na kuna kikomo cha uzito wa vyombo viwili kwa pamoja, ambacho muundaji wa gari amekiweka kwa kufikiria injini, breki na vilima. Madereva wetu wa malori waliozoea kupanda mizani za barabarani wanajua vizuri kwamba gari laweza kuwa halali kwa uzito wa jumla na huku likawa na hatia kwa uzito wa ekseli moja. Kwa hiyo si kweli kwamba wasomaji wetu hawatazielewa tofauti hizi. Kinachotakiwa ni kuzipa majina yasiyochanganyika.

Tuchukue mfano. Gari lina uzito mtupu wa kilo 1,600. Ushauri wanaopewa wanaoanza huko Uingereza ni kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito huo, yaani kilo 1,360. Huo ni ushauri, wala si kikomo cha muundaji, na mtafsiri asiuandike kana kwamba ni sheria. Kwa upande mwingine, kikomo cha muundaji asikiandike kana kwamba ni ushauri. Tuseme basi karavani ikiwa na vitu vyote ina kilo 1,300. Uzito wa shingo unaofaa kwa kawaida ya huko ni asilimia 5 hadi 7, yaani kati ya kilo 65 na 91. Lakini ikiwa gari hilo limeandikiwa kwamba shingo isizidi kilo 75, basi 75 ndiyo mwisho. Anayetaka kuupima huweka mizani ndogo ya nyumbani chini ya kikombe cha kuungia, akakisimamisha juu ya kipande cha mti, kisha akasoma. Ukizidi, huhamisha vitu: mtungi wa gesi, viti, maji. Lita 40 za maji ni kilo 40, na dumu likitoka mbele kwenda juu ya mhimili, hesabu yote hugeuka.

Sasa msomaji afikirie mtafsiri mwingine aliyeletewa kitabu cha Kimarekani. Humo ataambiwa kwamba uzito wa 'ulimi' uwe asilimia 10 hadi 15, maana vyombo vya huko na magari yanayovikokota yameundwa kwa kawaida nyingine. Ikiwa mmoja ameandika 'uzito wa pua' na mwenzake 'uzito wa ulimi', msomaji wa Kiswahili atadhani ni vitu viwili, atafuata vyote viwili, na shingo ya gari dogo la Ulaya italemewa mara mbili ya uwezo wake. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani, yatakuwa mepesi. Hapa neno moja sanifu lina faida kubwa kuliko maneno mawili mazuri.

Na tukiwa Marekani, kuna mkanganyiko mwingine unaostahili kusimuliwa. Wamarekani hawakifuata Kiingereza cha Uingereza katika jina la chombo hiki. Wao hukiita 'trailer', neno ambalo madereva wetu wamelifanya tela, na wa Kenya trela. Kwao 'caravan' ilibaki na maana ya kale ya msafara. Wally Byam, aliyeanzisha kampuni ya Airstream mwaka 1931, alikuwa na desturi ya kuwaongoza wateja wake katika safari za pamoja, na safari hizo aliziita kwa neno hilo. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilipita katika bara letu. Mwaka 1959 msafara wa matela 41 ya bati linalong'aa uliondoka Cape Town, ukapanda kaskazini, ukapita Uganda na Kenya, ukafika Ethiopia ambako wasafiri walikutana na Mfalme Haile Selassie, na mwaka 1960 ukafika Cairo na kupiga kambi karibu na mapiramidi. Mwandishi wa Uingereza angesema karavani 41. Byam angesema karavani moja. Kiswahili kingeweza kulisema jambo hilo bila utata wowote: msafara mmoja wa matela arobaini na moja.

Kwa sababu hiyo hatuoni haja ya kuipokea 'karavani' kuwa istilahi ya chombo. Neno tela limekwisha kukaa katika vinywa vya watu, lina wingi wake matela, nalo hutaja jambo lililo la msingi, kwamba chombo hakina injini na hufuata kingine. Tunapendekeza tela la malazi. Wapo watakaosema nyumba-gari ni tamu zaidi. Huenda, lakini nyumba-gari yafaa kuwekewa akiba kwa lile gari lenye injini yake na vitanda ndani, ambalo ni chombo kingine kabisa na hujiendesha lenyewe.

Kitenzi nacho kinahitaji uangalifu. Rasimu ilitumia kuburura katika sentensi moja na kuvuta katika nyingine. Kuburura ni kuvuta kitu kikiparuza chini, kama gogo au gunia. Anayeburura tela lake ana shida kubwa kuliko ya msamiati. Kuvuta ni neno pana mno, maana tunavuta kamba, pumzi na sigara. Kukokota ndilo neno hasa: kuvuta kitu kizito kwa nguvu na kwa mwendo wa kuendelea, na tayari limezaa mkokoteni. Basi gari la mbele liwe gari la kukokotea, na chuma kinachofungwa kwa bolti chini ya buti lake kiwe mtaimbo wa kukokotea. Chuma hicho, tuseme kwa kupita, hufungwa mahali palipoandaliwa na muundaji wa gari, wala si popote fundi anapoona pana nafasi ya kutoboa.

Juu ya mtaimbo hukaa kichwa cha mviringo. Mafundi wangekiita gololi, na tulikuwa karibu kukubali, ila gololi katika gereji ni kile kidude kidogo ndani ya beringi. Tumechagua tufe, neno ambalo wanafunzi wa hesabu wanalijua. Sehemu ya tela inayolifunika tufe ni kikombe. Vipimo vya tufe visitafsiriwe kwa kukadiria: la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50, na la Marekani lililo la kawaida lina inchi 2, yaani milimita 50.8. Tofauti ni chini ya milimita moja, nayo inatosha kufanya kikombe kisikae sawasawa.

Kuhusu kuunganisha, rasimu ilikuwa nzuri, nasi tumesahihisha maneno mawili tu. La kwanza ni lile gurudumu dogo linaloishika shingo ya tela likiwa limeegeshwa. Waingereza wamelipa jina la mpanda farasi wa mashindano, na mtafsiri, kwa uaminifu wake, akaandika 'gurudumu la mpanda farasi'. Tumeliita gurudumu la egemeo. Dereva hurudi nyuma mpaka tufe liwe chini ya kikombe, hulishusha egemeo, husikiliza mlio wa kufunga, kisha hulizungusha egemeo kwa kulipandisha tena kidogo ili kuona kama nyuma ya gari inainuka pamoja na tela. Ikiinuka, vimeshikana. Ndipo egemeo hupandishwa juu kabisa.

Neno la pili ni zito zaidi. Katika matela ya Ulaya yenye breki kuna waya mwembamba unaotoka kwenye breki ya mkono ya tela hadi kwenye gari. Tela likichomoka, waya huivuta breki hiyo, kisha wenyewe hukatika. Mtafsiri aliuita waya wa usalama. Tatizo ni kwamba kwa Wamarekani kuna minyororo ya usalama, ambayo kazi yake ni kulishikilia tela lisiende zake. Msomaji akidhani waya huu nao ni wa kushikilia, atauona mwembamba, ataubadilisha kwa mnyororo mnene au ataufunga mara mbili, na siku ya ajali tela litaburutwa likiwa limefungwa nyuma ya gari, safari hii kwa maana halisi ya kuburutwa. Tunapendekeza waya wa kuvutia breki, na minyororo ibaki minyororo ya kushikilia.

Upande wa umeme haukuwa na matata. Plagi, soketi, indiketa na waya ni maneno yetu ya kila siku. Plagi ya zamani ina pini 7, na mpya ina 13. Rangi za nyaya zina maana maalumu: manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyekundu ni taa za breki, nyeupe ni ya ardhini. Mtafsiri asibadilishe chochote hapo. Vioo vya pembeni vya kuongeza navyo havihitaji neno jipya.

Limebaki neno lililotugawanya zaidi. Tela linapokwenda mbio, hasa likiwa na uzito mdogo shingoni au likipitwa na lori kubwa, huanza kutupwa kushoto na kulia, na kila mtupo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, hata gari la mbele nalo likayumbishwa. Waingereza hulifananisha na mwendo wa nyoka. Wengine kati yetu walitosheka na kuyumba. Lakini gari lenye usukani mbovu huyumba pia, na dereva aliyeambiwa kwamba gari linayumba hukimbilia kulisahihisha kwa usukani, jambo ambalo hapa huzidisha msiba. Tumependelea kupiga mkia, kama samaki apigavyo mkia, kwa kuwa jina hilo humwambia dereva kwamba nguvu inatoka nyuma. Linalotakiwa ni kuondoa mguu kwenye mafuta pole pole, kuushika usukani pasipo kupigana nao, na kutokanyaga breki ya ghafla, hadi mwendo upungue na tela litulie.

Kifaa kinachopunguza jambo hilo tumekiita kidhibiti mkia. Aina moja yake hulibana tufe kwa vipande viwili vya kusugua, mfano wa vile vya breki. Katika ukurasa wa mwisho wa rasimu palikuwa na sentensi inayomwagiza mwenye gari alipake tufe grisi kila mara. Agizo hilo ni sahihi kwa kikombe cha kawaida, na tumeomba maneno hayo 'kwa kikombe cha kawaida' yaongezwe, maana penye kidhibiti cha namna hii tufe hutakiwa kuwa kavu na safi, bila grisi na bila rangi. Likipakwa grisi, vipande huteleza na kidhibiti hakishiki tena.